Tapeli wa simu hunaswa kwa mbinu zake, si kwa namba yake

MVUVI wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hafanyi kazi kila usiku. Giza likitanda huingia majini na taa zake, dagaa wakafuata mwanga. Mbalamwezi ikikua taa hazina kazi tena, naye hubaki nchi kavu akishona nyavu. Ndiyo maana katika mwalo wa Kabwe, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, fedha nazo hutembea kwa kufuata mwezi. Zipo siku ambazo simu za wanunuzi wa Namanyere, Sumbawanga, Mpanda na Tunduma hazinyamazi, na wakala wa fedha za simu anaweza kuishiwa salio kabla ya saa sita mchana. Zipo siku nyingine wakala huyo huyo anasinzia kibandani kwake.

Siku hizo za kwanza ndizo ambazo ujumbe wa maneno sita unaweza kummaliza mfanyabiashara: "Ile hela nitumie kwenye namba hii."

Watanzania wachache wenye simu hawajawahi kuupata ujumbe huo, na wengi huucheka. Kinachosahaulika ni kwamba anayeutuma hahitaji kuaminiwa na watu wote. Akituma kwa watu elfu moja, anamtafuta mmoja tu, yule ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa anasubiri kuelekezwa mahali pa kutuma fedha. Mwalo wenye pilikapilika, ambako karibu kila mtu anadai au anadaiwa na hesabu zinamalizwa kwa simu, ni shamba lenye rutuba kwa kazi hiyo.

Hasara yake nayo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua mfano wa mama anayenunua dagaa wabichi, anawaanika, anafungasha na kupandisha magunia Sumbawanga, akiwa na mtaji wa Sh600,000 unaompa faida ya asilimia kumi kwa kila safari, safari mbili kwa mwezi. Akitapeliwa Sh300,000, wengi watasema amepoteza faida ya safari tano. Si kweli. Amepoteza nusu ya mtaji, kwa hiyo faida yake nayo imekatwa nusu, kutoka Sh60,000 hadi Sh30,000 kwa safari. Hata asipokula senti ya faida hiyo, akairudisha yote kwenye dagaa, atahitaji safari nane, yaani miezi minne, kurudi pale alipokuwa. Na kwa kuwa watoto wanataka kula kila siku, itakuwa zaidi ya hapo. Kwa mkulima wa mahindi wa uwanda wa juu wa Ufipa mambo ni mabaya zaidi, maana yeye huuza mara moja kwa mwaka.

Kuna jambo jingine linalowafanya wafanyabiashara wa mkoa huu wasiweze kukaa kimya. Katika taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2023 na 2024, Rukwa na Morogoro ni mikoa iliyotajwa mara kwa mara kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Mfanyabiashara mwaminifu wa Kabwe kwa hiyo analipa mara mbili. Anaweza kutapeliwa kama mtu mwingine yeyote; na anapompigia mteja mpya wa Dar es Salaam, akamwambia kuwa yuko Rukwa na anaomba kianzio kabla ya kupakia mzigo, mteja anashtuka na kukata simu. Hata jina la Sumbawanga, ambalo kwa miaka mingi limevumishwa nchini kwa habari za waganga, limegeuzwa chambo katika jumbe za "mganga" wa kuvuta mali na kurudisha wapenzi. Sifa mbaya ya aina hii haiandikwi kwenye leja ya mtu, lakini inalipwa.

Jibu la kawaida limekuwa ni kuonya. Kuna matangazo ya redio, kuna mabango, na kuna semina za saa mbili ambazo washiriki hutoka wakiwa na soda, fulana na wasiwasi mwingi kuliko walioingia nao. Maonyo si mabaya. Hata hivyo, mtu aliyeonywa kuwa "kuna matapeli" hana tofauti kubwa na mkulima aliyeambiwa kuwa "kuna wadudu". Atawatambuaje? Watakuja lini? Atafanya nini asubuhi hiyo?

Wapelelezi wenyewe walishaacha kujifunza kwa kusikiliza tu. Kati ya Juni na Agosti 2025, polisi wa nchi 18 za Afrika, Tanzania ikiwamo, pamoja na Uingereza, walishiriki operesheni ya Interpol iliyopewa jina la Serengeti 2.0. Watu 1,209 walikamatwa na dola za Marekani milioni 97.4 zilirejeshwa. Kabla ya operesheni hiyo, kwa mujibu wa Interpol, wapelelezi walipitishwa katika mafunzo ya vitendo: namna ya kukusanya taarifa zilizo wazi mtandaoni, kufuatilia fedha za kidijitali na kuchambua programu zinazofunga kompyuta za watu ili kudai malipo. Walikaa mezani wakafanya kazi yenyewe kwa mikono yao. Hiyo ndiyo inayoitwa intelijensia ya vitisho vya mtandao. Jina ni zito, lakini kazi yake ni nyepesi kueleza: kukusanya dalili, kuzipanga, kubashiri hatua inayofuata ya adui, kisha kuwaambia wengine mapema.

Mkulima wa Nkasi hahitaji kufundishwa wazo hilo upya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji kadhaa vya Kilosa mkoani Morogoro, wanakijiji walikabidhiwa mitego yenye harufu inayovuta nondo dume wa viwavijeshi, pamoja na kipimo cha mvua. Mtu mmoja aliyechaguliwa na kijiji alihesabu nondo walionaswa, akaangalia mvua iliyonyesha, na kwa kanuni rahisi akatangaza kama wiki zinazofuata mashamba yako hatarini au la. Hapo awali utabiri ulitoka kituo cha Tengeru, Arusha, na ulikuwa wa eneo pana mno kumsaidia mwenye ekari mbili. Na viwavijeshi vamizi vilipothibitishwa nchini mwaka 2017, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuguswa, somo lilirudi lile lile: aliyezoea kufunua majani ya mahindi asubuhi aliwaona wakiwa wadogo, na aliyesubiri kuona shamba limetoboka alichelewa.

Tapeli naye ana nondo wake. Kabla fedha haijaondoka huwa kuna ujumbe uliopuuzwa na watu mia, simu iliyokatwa na watu ishirini, na mtu aliyeulizwa swali la ajabu akaliona la kawaida. Dalili hizo zote hutupwa. Aliyepata ujumbe anaufuta, anacheka, anaendelea na kazi. Kiuchumi ni rahisi kuelewa kwa nini: kuandika na kutoa taarifa kunamgharimu yeye muda, ilhali faida inamwendea jirani ambaye hata hajui kuwa ameokolewa. Kazi ambayo gharama yake ni ya mmoja na faida yake ni ya wote haifanywi na mtu mmoja mmoja. Hufanywa na kikundi, au haifanywi.

Kabwe vikundi havikosekani. Upo utaratibu wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, wapo mawakala wa fedha za simu, na kuna vikoba. Kinachohitajika ni zoezi la siku moja au mbili, na wakati wake unajulikana: ile wiki ya mbalamwezi ambayo mitumbwi iko pwani.

Zoezi la kwanza lifanyike kwa kitochi, si kwa simu janja, kwa sababu kitochi ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Kila mshiriki afungue orodha ya huduma ya fedha katika simu yake: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money au *150*88# kwa HaloPesa. Achague kutuma fedha, aweke namba ya aliyekaa kando yake na kiasi kidogo, kisha aishie pale jina linapotokea, bila kuweka namba ya siri. Aghairi.

Katika dakika hiyo moja mambo mawili yanakuwa yamefundishwa ambayo semina nzima isingeyafikisha. La kwanza, kwamba mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kulijua jina lako lililosajiliwa, kwa hiyo anayepiga simu na kukutaja majina matatu hajathibitisha kitu. La pili, kwamba jina hilo hilo ni ngao ya anayetuma, mradi alisome kabla ya kuweka namba ya siri. Matapeli wanalijua hilo, na ndiyo maana ujumbe wao mara nyingi huishia na maneno "jina litakuja la fulani". Maneno hayo ni dawa ya ganzi. Yanamwandaa mtu aone jina asilolijua na asishtuke.

Baada ya hapo zigawiwe karatasi kumi zenye jumbe zilizonakiliwa, tano halali za kupokea fedha na tano za kughushi, na washiriki wawili wawili wabishane ipi ni ipi. Wataona upesi kuwa jumbe nyingi za uongo hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, kwamba salio lililoandikwa halilingani na lile walilokuwa nalo, na kwamba namba ya muamala ama haipo ama haifanani na nyingine. Mwalimu mzuri hataishia hapo. Atawaambia kuwa hata jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na kwamba katika karatasi zile kumi kuna moja ambayo hakuna mtu angeweza kuitambua kwa macho. Kinachobaki ni kuangalia salio kwenye menyu yenyewe. Lifanywe hilo kwa saa mkononi, mara tatu, huku wengine wakipiga kelele za mnada, kwa sababu mwaloni hakuna anayeangalia salio katika utulivu.

Zoezi linalochangamsha zaidi ni la kuigiza. Mmoja awe tapeli, mwingine awe mwenye biashara, na kundi liandike. "Mama, shikamoo. Naongea kutoka huduma kwa wateja, kuna muamala wako umekwama, usikate simu." Kila neno hapo lina kazi yake. Shikamoo inalainisha. Muamala uliokwama unatisha, na katika siku za giza ni karibu hakika kuwa mama ana muamala anaousubiri. "Usikate simu" inamzuia asimuulize mtu wa karibu. Halafu huja ombi: abonyeze namba kadhaa, au ataje tarakimu zilizoingia kwa ujumbe. Mshiriki anayeigiza utapeli kwa robo saa hujifunza zaidi ya anayehubiriwa siku nzima, kwa kuwa anagundua mwenyewe ni wapi alipohitaji kumharakisha mwenzake. Kinga ya simu hiyo ni ya mstari mmoja: huduma kwa wateja za kampuni za simu nchini hupiga kwa namba 100 tu. Simu yoyote inayodai ni ya kampuni na haikutoka 100, ikatwe, kisha mwenye laini apige 100 mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa anayedai amekosea kutuma fedha na kuomba zirudishwe. Asirudishiwe kwa mkono. Aambiwe apige 100, kampuni ndiyo irudishe. Kama alituma kweli hatapoteza kitu.

Hadi hapo washiriki wamejifunza kujikinga, jambo ambalo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni daftari.

Mwaka 2013 mtaalamu wa Kimarekani wa usalama wa mitandao, David Bianco, alichora piramidi ambayo wapelelezi wa fani hiyo wanaitumia hadi leo. Aliiita piramidi ya maumivu. Chini kabisa aliweka alama ambazo mhalifu hubadilisha bila kuumia, na juu kabisa akaweka mbinu zake, ambazo akinyimwa inambidi ajifunze kazi upya. Hoja yake ni kwamba mlinzi anayefukuza vitu vya chini atakimbia maisha yake yote. Kwa lugha ya mwaloni, namba ya simu ya tapeli iko chini ya piramidi. Ukiifunga leo, kesho ana nyingine. Hadithi anayoitumia, saa anayopiga, namna anavyoharakisha, hizo ziko juu. Wafanyabiashara wengi wana namba tatu nne za matapeli walizozihifadhi kwa hasira, na hawana hata mstari mmoja unaoeleza walichoambiwa.

Daftari la kaunta lichorwe basi kwa namna ya kunasa mbinu. Siku na saa. Namba iliyotumika, ndiyo, nayo iandikwe. Alipiga au alituma ujumbe? Alijiita nani? Alijua nini tayari kuhusu aliyempigia? Aliomba nini? Alitumia maneno gani kumharakisha? Kama fedha ilikaribia kutumwa, jina gani lilitokea? Mawakala ndio mitego mizuri zaidi ya kukusanya habari hizi, maana watu wengi waliochanganyikiwa na simu huwakimbilia wao kwanza, na wao wenyewe hupigiwa na watu wanaodai kutoka makao makuu.

Mistari thelathini ikishapatikana, kikundi kikae wiki ya mbalamwezi na kuisoma. Wasitafute mwizi. Watafute mpangilio. Je, simu za "huduma kwa wateja" huja zaidi siku za giza, fedha zinapotembea? Je, watu watano waliopigiwa wiki moja walihudumiwa kibanda kimoja? Swali hili la mwisho linaelekea kwenye uvujaji ambao haupaswi kupuuzwa, yaani daftari la wakala. Mteja anapotoa fedha huandika jina, namba ya simu, kiasi na sahihi kwenye daftari lililo wazi juu ya meza, na anayefuata kwenye foleni anasoma yote, au analipiga picha. Mtu mwenye picha hiyo anajua nani katoa kiasi gani na lini. Kufunika kurasa zilizojaa kwa kipande cha kadibodi hakugharimu kitu.

Kutoka kwenye mpangilio huo huja ubashiri, na hapo ndipo kikundi kinapoanza kupata thamani ya jasho lake. Tapeli hufuata kalenda ya fedha kama mfanyabiashara yeyote. Januari kuna ada na mahitaji ya shule, kwa hiyo "mwalimu" atapiga simu akisema mtoto ameanguka darasani. Kuanzia Julai mahindi yanauzwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) huwa kwenye ununuzi, kwa hiyo anaweza kutokea "karani" wa kuharakisha malipo. Miezi ya kuelekea kupanda ni ya mbolea. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima wamesajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku na namba zao za simu ziko kwenye mfumo, hivyo ujumbe kwamba "namba yako ya ruzuku imefungwa, piga hapa" hautamshangaza mtu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, dagaa waliadimika. Katika kipindi kama hicho tangazo la "dagaa wapo, tuma kianzio" hupata wasomaji wengi kuliko wakati wowote. Kikundi kinachoweza kusema mwezi mmoja kabla, "subirini simu za namna hii," kimefanya kile kile alichokuwa akifanya mhesabu nondo wa Kilosa.

Wenye simu janja wana zoezi lao la ziada. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Washiriki wafungue simu zao, waangalie programu ya mkopo waliyonayo inaomba ruhusa ya kuona nini. Mkopeshaji anayetaka orodha ya majina yote yaliyo kwenye simu hataki kujua uwezo wako wa kulipa; anataka watu wa kuwapigia ili akuaibishe.

Kuna eneo moja ambalo kikundi kinaweza kufanya madhara makubwa kisipoangalia. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, kila laini ina jina la mtu mwenye kitambulisho cha Taifa. Ingeonekana basi kuwa jina lililotokea kwenye simu ndilo la mwizi. Mara nyingi silo. Wapo wasajili wa mitaani wasio waaminifu ambao humwambia mteja kuwa kidole hakijakubali, aweke tena, na tena. Mteja anaondoka na laini moja na nyuma yake imebaki nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake. Wanaoponzeka zaidi ni wazee na watu waliosajiliwa siku za gulio, katikati ya msongamano. Anayesambaza jina na picha ya mtu wa namna hiyo kwenye kundi la WhatsApp akimwita tapeli amemuumiza aliyekwisha kuumizwa, na anaweza kujikuta yeye ndiye anayejibu mashtaka, kwani nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa sababu hiyo zoezi la mwisho la siku lifanywe na kila mshiriki kwa simu yake mwenyewe: abonyeze *106# na kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Atakayekuta namba asiyoijua aende kwa kampuni husika na kitambulisho ifungwe, asingoje polisi wamtafute. Si ajabu katika kundi la watu thelathini akapatikana mmoja, na uso wake pale anapoiona namba hiyo utawafundisha wengine zaidi ya mwalimu.

Namba zilizokusanywa na kikundi hazipaswi kukaa daftarini. Zitumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa taarifa za utapeli. Ndani ya TCRA kipo pia kikosi cha Taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao, TZ-CERT, kinachotoa tahadhari na mafunzo, na halmashauri inayotaka mwalimu wa kuanzia inaweza kuandika barua huko. Aliyekwisha kutuma fedha apige 100 papo hapo, kabla hajamweleza mtu yeyote, kwa kuwa fedha ikiwa bado kwenye simu ya tapeli inaweza kuzuiwa, na ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Kisha aende polisi kuchukua RB. Kutoka Kabwe hiyo si hatua ndogo kwa mtu ambaye amebakiwa na nauli tu, na wengi huishia njiani. Kikundi kinaweza angalau kumchangia.

Nani atunze daftari? Si mwenyekiti, ambaye mara nyingi ana shughuli nyingi na wapinzani wengi. Afadhali mama mwenye kibanda cha uwakala anayeaminika, akisaidiwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne anayeandika kwa mwandiko unaosomeka. Lifungiwe kwenye sanduku, maana lenyewe lina majina na namba za watu, na lisiachwe mezani kama yale ya mawakala.

Linabaki tatizo moja ambalo namba 15040 haiwezi kulitatua. Ng'ambo ya ziwa kuna Moba na Kalemie, na wafanyabiashara wa Kongo ni wateja wa siku nyingi wa mwambao huu. Zamani habari ya nani analipa na nani halipi ilivuka ziwa na abiria wa mitumbwi na ya meli, MV Liemba ikiwamo. Sasa inavuka kwa simu, kwa Kiswahili cha upande wa pili, na namba zinazoanza na +243 haziko chini ya TCRA wala chini ya alama za vidole za NIDA. Mnunuzi wa Moba anayetuma picha ya risiti na kuomba magunia kumi yapakiwe leo hii, kwa kuwa mtumbwi unaondoka, anaweza kuwa mteja wa miaka kumi ijayo au asiwe mtu kabisa. Kwa namba hizo, safu ya "alijiita nani na aliomba nini" katika daftari la Kabwe ndiyo kumbukumbu pekee ambayo mwalo unaweza kujiwekea, na inafaa ianze kuandikwa kabla giza lijalo halijaingia.